Uzi: Ukiwinda njiwa pori, kichaka kikae mgongoni, si mbele ya uso

#1 – Mtoa mada

Wakuu, kwema?

Kila mada ya njiwa pori ikiletwa humu, haichukui muda inageuka ya bunduki. Marisau (vile vijipande vya risasi) saizi gani, mtutu urefu gani, bunduki ya upepo inafaa au haifai. Sina ugomvi na hayo. Ila wengi tunaorudi mikono mitupu hatujakosa shabaha, hatukupata hata nafasi ya kuinua bunduki. Njiwa walituona mapema, wakakata kona kule mbali, wakaenda zao. Kwa hiyo leo nazungumzia maficho tu, tena yale yaliyopo tayari shambani: kichaka, kivuli, shina, kichuguu, mtaro, mabua.

Nianze na ujinga wangu mwenyewe. Misimu miwili mizima nilikuwa najificha nyuma ya kichaka. Napiga magoti, nachungulia kwenye upenyo wa majani, najiona chui. Nyuma yangu kuna nini? Shamba lililovunwa, tambarare kama kiganja. Sasa njiwa haji kwa miguu. Anakuja kwa mbawa, na mara nyingi kabla ya kutua huzunguka kwanza kukagua. Akimaliza nusu ya mzunguko tu keshafika upande wangu wa nyuma, ananiona nimechutama kama gogo katikati ya uwanja, na gogo lenyewe lina masikio.

Siku moja jua likanichoma nikahamia upande wa pili kufuata kivuli. Nikakaa mbele ya kichaka kilekile, mgongo umezama kwenye matawi, mbele yangu hakuna kitu zaidi ya nyasi za kufika magotini. Nilishakata tamaa, najipumzikia. Njiwa wa kwanza alikuja moja kwa moja, akashusha miguu, akapiga mbawa mbili tatu za kujizuia, akatua kama hatua ishirini kutoka nilipo. Nikamwona hadi duara la ngozi kuzunguka jicho. Sikupiga. Nilibaki nimeduwaa.

Toka siku hiyo nikaelewa kwamba kinachomchoma mwindaji ni umbo lake: kichwa cha mviringo juu ya mabega mawili, nyuma yake pakiwa peupe. Nyuma pakiwa na majani ya giza, umbo linamezwa. Majani ya mbele kazi yake ni ndogo, kuvunja mstari wa magoti na kuficha mikono inapoanza kusogea. Yakizidi yanakuzuia wewe kuliko yanavyomzuia njiwa.

Halafu kuna kivuli, na hapa ndipo watu wanapopuuza. Kwangu kivuli kinashinda jani lolote. Kichaka chembamba chenye kivuli kizito nakichagua kabla ya kichaka kinene kilichopigwa na jua. Nikifika alfajiri siangalii jua liko wapi sasa hivi, naangalia litakuwa wapi saa nne, kwa sababu kivuli kinahama na mimi sitaki kuhama nacho njiwa wakiwa hewani. Jua likiwa mgongoni ni zuri pia, linawapiga wao machoni. Ila kumbuka asubuhi kivuli chako mwenyewe kinaanguka mbele ya kichaka, kirefu, na ukiinua mkono kule mbele shambani kuna mkono wa mita tatu unainuka. Kwa hiyo kivuli chako kiangukie ndani ya kivuli cha mti.

Uso. Uso wa binadamu ukiinuliwa juu unang'aa, uwe mweusi uwe mweupe, kwa jasho na mafuta ya ngozi. Kofia yenye ukingo mpana, wavu mwepesi usoni, au tope basi. Kundi likipita juu yako usilifuate kwa uso. Watazame chini ya ukingo wa kofia na uwaache wapite, mara nyingi watarudi. Miwani, saa, chupa ya maji, kitako cha ganda la risasi kilicholala kwenye nyasi, vyote hivyo vinamulika.

Kwenye rangi unaweza kukosea na bado ukapata njiwa. Kwenye mwendo hapana. Bunduki ilale mapajani, mtutu umeshaelekea pale unapotarajia watue, kidole nje ya kifyatuo. Unainua mara moja tu, njiwa akiwa ameshashusha miguu na mbawa zimepanuka kujizuia. Wakati huo hawezi kugeuka haraka. Ukiinua mapema, anapinda. Ukiinua nusu kisha ukasita, hapo umewafundisha wote.

Sasa matawi ya kukata. Kuna siku nilijenga kibanda kizuri mpaka nikajisifu peke yangu. Matawi mabichi, majani mapana, kijani kibichi. Kufika saa sita majani yamenyauka, yamejikunja, yameonyesha upande wa chini ambao kwa mmea ule ni mweupe. Kibanda kikawa kinang'aa kama bati jipya. Njiwa walikuwa wanafika umbali wa hatua kama sitini, wote kwa pamoja wanalalia upande mmoja kama karatasi iliyopeperushwa, wanapotea. Siku hizi nikilazimika kuongeza kitu natumia matawi makavu kama mifupa, halafu nyasi za palepale. Tawi bichi nalichomeka jinsi lilivyokuwa limeota, upande wa juu wa jani ukiangalia nje. Na silikati jirani na nilipokaa, maana kidonda cheupe cha tawi lililokatwa kinaonekana. Mti una mwenyewe, omba ruhusa kwanza.

Upepo kwa njiwa si habari ya harufu kama kwa swala. Ndege hutua akiwa ameuelekea upepo, basi. Upepo ukitokea mgongoni kwako watakuja uso kwa uso na wewe. Mimi napenda utokee begani, wakatize mbele yangu, macho yao yakishughulika na pa kutua.

Na yote haya hayana maana kama hukwenda siku moja kabla, bila bunduki, ukaangalia wanapita wapi. Njiwa wana njia zao: safu ya miti, bonde, pengo kwenye ua, mti mkavu wanaopumzikia kabla ya kushuka kula. Kichaka kizuri pasipopita njiwa ni mahali pa kulala usingizi.

Vibali, msimu na aina zinazolindwa kila mtu aangalie sheria ya alipo. Mwenye pete mguuni ana mwenyewe, mwache. Karibuni.

#2

Nimetandika mkeka, nasubiri wajuzi.

#3

Mkuu unazunguka sana. Si unavaa nguo za mabaka, unakaa popote? Mimi nina suti kamili, na kofia, na glavu.

#4 – Mtoa mada

Mkuu suti haina ubaya, ila jaribu hivi: vaa hiyo suti, simama katikati ya shamba tupu, umwambie rafiki yako akutafute. Atakuona ungali unafunga zipu. Kisha vaa shati lako la kahawia lililochakaa, kaa kwenye kivuli cha mti mgongo umeegemea shina, utulie. Ataanza kuita jina lako.

Halafu angalizo: katika nchi kadhaa raia kuvaa mabaka yanayofanana na ya jeshi ni kosa kisheria. Usije ukaenda kutafuta njiwa ukarudi na kesi.

#5

Niongezee upande wa macho ya njiwa, maana ndiyo adui mwenyewe.

Macho yake yamekaa pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote bila kugeuka, takribani nyuzi 340. Sehemu asiyoiona ni ukanda mwembamba nyuma ya kisogo. Wanaosema "subiri ageuke ndipo usogee" wanajidanganya. Akiwa amekupa ubavu ndiyo kwanza anakutazama vizuri.

Kingine, ile kutikisa kichwa akitembea si madoido. Anasukuma kichwa mbele, kisha anakituliza hapohapo huku mwili ukikifuata, ili picha machoni isitembee. Mwaka 1978 mtafiti aitwaye Frost alimtembeza njiwa kwenye mkanda unaozunguka. Miguu inatembea lakini mazingira hayasogei, na kichwa kikaacha kutikisika. Maana yake kwa mwindaji ni kwamba katika kila nukta ile kichwa kimetulia, chochote kinachosogea shambani kinajitokeza peke yake.

Na rangi anaona zaidi yetu, hadi miale ya urujuanimno. Sabuni nyingi za unga zina king'arisho kinachoichukua miale hiyo na kuirudisha kama mwanga wa buluu. Shati la kuwindia lifue kwa maji matupu.

#6

Nashukuru kwa somo. Swali la mgeni: huku kwangu mashamba yameshavunwa, hakuna kichaka wala nini, mti mmoja tu uko mbali. Njiwa wanashuka katikati kabisa kula punje zilizomwagika. Nafanyaje?

#7

Kijana, shamba tupu kabisa ni nadra. Zunguka utazame kwa macho ya mtu anayetaka kukaa, si kwa macho ya mtu anayepita.

Kuna kichuguu? Kichuguu ni zawadi. Hakinyauki, kina kivuli, njiwa wamekizoea toka wamezaliwa. Egemea upande wa kivuli, usipande juu. Kuna mtaro? Ingia, kichwa kibaki chini ya ukingo, nyasi za ukingoni zikatize usoni. Kuna rundo la mabua au mabunda ya nyasi? Sogea ndani yake mpaka mabua yakufike mabegani, acha mengine nyuma yako yakiwa marefu kuliko kichwa.

Kama hakuna hata kimoja, lete kidogo kidogo. Leo weka mabua machache, kesho ongeza, keshokutwa ongeza tena, na wewe usikae hapo. Njiwa wakiona kitu kipya kikubwa asubuhi moja watakikwepa. Kikikua polepole kinakuwa sehemu ya shamba. Sisi tulipokuwa tunalinda mtama juu ya ulingo, ndege waliuogopa ulingo siku ya kwanza na ya pili tu. Baada ya hapo walikuwa wanatua juu ya paa lake na sisi tumo ndani tunapiga kelele.

Na kabla ya kuketi, piga jicho chini. Mimi niliwahi kukaa juu ya njia ya siafu nikiwa nimejificha vizuri sana. Njiwa hawakuniona hadi nilipovua suruali.

#8

😂😂😂 Mzee umeniua. Kingine ni upupu. Unajisokomeza kwenye kichaka gizani, jua likitoka ndiyo unajua umekaa na nani. Na mmea wowote unaotoa maziwa, kama mnyaa, usiuvunje karibu na macho.

#9

Wanaodhani maficho ya majani ni mambo ya watoto wenye manati wakaangalie kusini magharibi mwa Ufaransa. Njiwa wa huko, Columba palumbus, wanapita kwa makundi makubwa kila Oktoba na Novemba wakielekea kusini. Wawindaji hujenga vibanda msituni, vingine juu ya miti, vinaitwa palombière. Utamu wake ni njia za kuingilia: mahandaki na vichochoro virefu vilivyofunikwa kwa majani ya msitu palepale, ili mtu atembee kutoka kibanda hadi uwanja wa kutegea bila ndege kumwona hata kidogo. Yaani hawakuficha pa kukaa tu, wameficha na pa kupita.

Na kule Etxalar, milima ya Hispania karibu na mpaka wa Ufaransa, kuna wa nyavu. Watu hukaa kwenye minara wanarusha vibao vyeupe hewani. Njiwa anadhani ni mwewe anamshukia, anajitupa chini kwa kasi, anaingia kwenye wavu uliotandazwa kati ya miti ya pengo la mlima. Hapo utaona njiwa akiogopa kitu cha juu hushuka, akiogopa kitu cha chini hupaa na kupinda. Sisi wa vichakani ndio kitu cha chini.

#10

Jamani, mmeongea yote mkaacha hili. Ukijificha vizuri kwa njiwa umejificha vizuri kwa mwenzako pia.

Tulikuwa wawili, kila mmoja amechagua kichaka chake gizani, hatukuelezana vizuri. Nilidhani mwenzangu yuko kwenye ule ua wa kushoto. Njiwa akaja chini chini, usawa wa kifua, akitokea kulia. Nikainua, nikaona kwenye majani nyuma ya yule njiwa kitu kidogo chekundu. Ilikuwa kifuniko cha chupa ya chai. Mwenzangu alikuwa anajimiminia. Nilishusha bunduki, nikakaa chini nikitetemeka, siku yangu ya kuwinda ikawa imeisha pale.

Toka hapo: kabla ya kuingia kichakani kila mtu anamwonyesha mwenzake kwa kidole alipo, na tunagawana anga. Ndege wa chini, ambaye nyuma yake huoni mbingu wala ardhi unayoijua, humpigi. Na ukitoka mafichoni kuokota, vua kofia uipunge, uite kwa sauti. Kitambaa cha rangi kali kifungwe kwenye tawi upande wa nyuma, ambako watu wanaweza kutokea.

#11 – Mtoa mada

#10 hili lilipaswa kuwa juu kabisa kwenye uzi wangu. Nimekosa mimi. Nakuomba radhi na nakushukuru.

#12

Samahani naingia kama mpinzani. Mnafundishana kujificha ili njiwa asipate hata nafasi ya kukwepa. Mnajua Marekani walikuwa na njiwa msafiri kwa mamilioni kwa mamilioni, wakawindwa na misitu yao ikafyekwa, wa mwisho aliyeitwa Martha akafia kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914?

#13 – Mtoa mada

Mkuu hujakosea mlango. Martha ni habari ya kweli, na ndege wale walikuwa wanauawa hadi kwenye matagio, makinda yakiangushwa kwa fito.

Ndiyo maana mimi sikai chini ya mti wenye viota, hata kama kivuli chake ni kizuri namna gani. Njiwa kwa kawaida hutaga mayai mawili tu, na baba na mama wote hulisha makinda kwa maziwa yanayotengenezwa kwenye kifuko cha shingoni. Ukimwangusha mzazi mmoja wakati huo umewaumiza ambao hukuwaona. Naona wakibeba vijiti mdomoni, nafunga mkoba.

Na kwenye la kujificha, hapa tunatofautiana. Asiyejificha anapiga ndege wa mbali, hatua sitini, sabini, marisau yametawanyika, njiwa anaondoka na mbili mwilini akafie msituni. Mimi nikiwa nimetulia kivulini napiga wa hatua ishirini na tano au namwacha. Kipi kina huruma?

#14

Hapo kwa umbali nakuunga mkono, kwa mengine bado nafikiri. Uzi mzuri lakini.

#15

Mnisaidie jamani. Nimeua wanne, wakaanguka mbele yangu vizuri tu, baada ya hapo hakuna aliyekaribia tena. Sikusogea wala sikuinua uso.

#16

#15 wameanguka wamelalaje? Kama mmoja yuko chali, mbawa wazi, na manyoya yametapakaa mchangani, hilo lenyewe ni bango. Ukipata utulivu toka haraka, walaze kifudifudi kichwa kikielekea upepo, okota manyoya meupe, rudi. Ukitumia njiwa wa bandia ni hivyohivyo, waelekee upepo, na uache uwanja mtupu katikati yao wa kutulia wageni. Usiwapange kama askari wa gwaride.

#17 – yule wa #6

Nimerudi na mrejesho wakuu.

Nilitafuta kama mzee wa #7 alivyosema, nikaona kichuguu ambacho nimepita pembeni yake miaka yote. Nikaenda gizani, nikakagua siafu (nilikagua mara mbili), nikakaa upande ambao kivuli kingefika saa mbili, mgongo ukaegemea, nikachomeka mabua machache mbele. Shati nimelifua kwa maji matupu, mke wangu akacheka.

Walikuja. Kundi la kwanza kama kumi na tano, wakazunguka mara moja, nikatazama chini ya kofia kama nilivyoambiwa. Wakazunguka tena, wakashusha miguu. Nikainua bunduki na mtutu ukagonga mabua niliyochomeka mwenyewe. Kwaa! Wakatoka wote kwa makofi ya mbawa. Wa pili nikamkosa kwa sababu kiwiko kiligonga kichuguu.

Njiwa sifuri. Lakini walitua hatua kumi na nane kutoka kwangu, nilihesabu baada ya hapo.

#18 – Mtoa mada

Kumi na nane! Mkuu umeshavuka mto, bado kukausha nguo tu.

Kesho ukifika, kabla ya kupambazuka, kaa hivyohivyo, bunduki ikiwa tupu kabisa. Iinue kutoka mapajani hadi begani, peleka kushoto, peleka kulia, mara kumi. Kila bua linaloguswa ling'oe. Kila mahali kiwiko kinapogonga sogea mbele kiganja kimoja kutoka kwenye kichuguu, bado utakuwa ndani ya kivuli. Mabua ya mbele yasizidi magoti. Na chimba kidogo pa kuweka visigino, ili usiteleze ukiinuka.

#19 – yule wa #6

Sawa mkuu. Visigino sikuwaza kabisa. Jumamosi naenda tena.